Mthamini Kapita, Fundi Je?

Mwezi huu tuongee nyumba. Si ya kupanga, ni ile ya kununua kwa mkopo, ambayo wewe na mwenzi wako mtailipia mpaka mtoto amalize sekondari.

Shoga yangu na mumewe walipata nyumba Ujiji, upande wa ziwani. Miembe uani, bati jipya, rangi bado inanukia. Benki ikaleta mthamini, akapima, akapiga picha, ripoti ikatoka safi. Mume mkono ukawasha kusaini. "Mume wangu, ngoja kwanza tulete fundi." Ugomvi ukaanzia hapo: kwa nini tulipe watu wawili kuangalia nyumba moja?

Kwa sababu kazi si moja, jamani. Mthamini anajibu swali la benki: hawa wakishindwa kulipa, nyumba itauzwa bei gani? Ndiyo maana ripoti yake huandika thamani ya soko, na ile ya mauzo ya lazima ambayo huwa chini. Anatazama hati, eneo, ukubwa, bei za majirani. Ni taaluma yenye sheria yake ya mwaka 2016, wala siidharau. Ila ada hata ukiilipa wewe, ripoti inakwenda benki, na mara nyingi darini hapandi mtu.

Ukaguzi ni swali lako wewe: tukihamia humu, nini kitatutoa machozi? Huku kwetu usitegemee kuona kibao cha "mkaguzi wa nyumba". Tafuta mhandisi au fundi mzoefu, na asiwe ndugu wa dalali! Wa shoga yangu alipanda juu, akakuta mchwa wamemaliza kenchi chini ya lile bati jipya. Akakwangua rangi sebuleni, alama ya maji ikajitokeza usawa wa goti. Si mnakumbuka Ziwa Tanganyika lilivyopanda 2021? Nyufa nazo muulize, ni za plasta au za msingi? Tetemeko la Desemba 5, 2005, la kipimo cha 6.8, lilitokea chini ya ziwa hilihili. Halafu avute futikamba hadi majini, maana Sheria ya Mazingira ya 2004 haitaki shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Shoga yangu alirudi kwa muuzaji na karatasi ya fundi mkononi. Bei ikashuka, lakini si ya kubeba kenchi na maji. Wakaiacha. Sasa wanatafuta Mwanga, na huwezi amini, mume ndiye anayetangulia darini na tochi.