MAJI YA MOTO NI YA NANI?

Ndugu wafanyakazi wa migodi na wenyeji wa Kalemie! Wageni hupanda milimani kuoga maji ya moto, kisha hurudi wakisifu utulivu wa kijiji. Utulivu gani? Ni utulivu wa giza!

Tukumbushane. Mwaka 1952, chini ya Mbelgiji, maji ya moto ya Kiabukwa katika Katanga, yenye joto la digrii 91, yalizungusha mtambo wa umeme wa kilowati 200 hivi, wa kwanza wa namna hiyo Afrika. Umeme ulikwenda mgodini. Mgodi ulipokoma, mtambo nao ukanyamaza. Kenya ilianza Olkaria mwaka 1981, na leo mvuke huo unawasha miji yake. Sisi tuliotangulia tunawaonyesha wageni mahali pa kuoga!

Sisi makarani wa migodi tunaijua hesabu hii: mali ikitumikia kampani peke yake, siku kampani inapoondoka mwananchi hubaki na sifuri. Wageni waje, walipe, waoge. Lakini tudai kwa sauti moja: chemchemi zetu zipimwe, na taa ya kwanza iwake nyumbani mwa mwanakijiji. Wazee walisema maji ya moto hayachomi nyumba. Kweli, lakini yanaweza kuiangaza.