Pwani Haikujengwa na Majahazi Peke Yake

Huku bara, Mbulu na Hanang, tumekubaliana, bila mtu kuhoji, kwamba pwani ina wenyewe. Mtu wa Nambis akisema anataka kuipakia familia kwenye Noah, ateremke nayo Tanga, Pangani, Bagamoyo, Kilwa hadi Mikindani, walale kwenye majumba ya zamani na kula vyakula vya huko, jirani zake watamuuliza kafiwa na nani. Pwani, kwa imani hiyo, ni ya Waswahili, ya Waarabu na ya wazungu wenye dola. Yetu ni mahindi, ng'ombe na baridi.

Wenye hoteli nao wanaishika imani hiyo kwa upande wao. Mgeni anayelala kwenye jumba la kale husimuliwa masultani, Wajerumani na mmisionari Livingstone, kisha huambiwa pilau ilikuja na jahazi. Bara haitajwi.

Huo ni uongo, na umetugharimu.

Tuanze na sahani. Vitunguu swaumu vinavyotwangwa kwenye majiko ya Tanga na Dar es Salaam, vingi vimelimwa wilayani Mbulu, na kule Bashay watu wamesomesha watoto kwa zao hilo. Vitunguu maji vinapanda malori kutoka Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi. Mbaazi za nazi, ambazo mtu wa pwani huzila asubuhi kwa mahamri, ni zao ambalo Babati na Karatu wanalilima kwa wingi. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazoagiza, bei ilianguka na wakulima wetu wakabaki na magunia ndani. Tulilia kana kwamba dunia nzima mlaji wa mbaazi ni Mhindi tu, wakati kuna pwani nzima ya taifa letu inayozipika kila kunapokucha. Hatukuwa na habari nayo, kwa sababu tulishajiambia kuwa chakula cha kule hakituhusu.

Lakini ngano ndiyo inayoniuma zaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, serikali kupitia NAFCO, shirika lake la kilimo na chakula, ilianzisha mashamba makubwa ya ngano kwenye tambarare za Hanang: Basotu, Setchet, Mulbadaw na mengine, yakafika saba, kama ekari laki moja kwa jumla. Ardhi ile ilikuwa malisho bora ya wafugaji Wabarabaig. Walifukuzwa, njia za mifugo zikafungwa, na trekta zikapita juu ya makaburi ya wazee wao. Katika miaka ya 1980 watu wa Mulbadaw walikwenda mahakamani kuidai ardhi. Mahakama Kuu iliwapa haki, Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Ngano ile ilisagwa ikawa mkate na chapati za mijini, pwani ikiwemo. Sasa mtu aniambie kwamba chapati ya pwani haina habari ya Hanang. Imegharimiwa na makaburi.

Na majumba? Bagamoyo wanakuonyesha Caravanserai, walipofikia watu wa misafara. Mizigo ya misafara hiyo ilibebwa na nani? Ni Wanyamwezi na watu wengine wa bara, waliotembea miezi na pembe za ndovu mabegani, wakaifanya Bagamoyo kuwa mji. Hata maiti ya Livingstone, inayotajwa kila siku pale misheni, ilifika Februari 1874 baada ya kubebwa kwa miguu miezi tisa na wapagazi, watumishi wake Chuma na Susi wakiwa viongozi. Tanga imejengwa kwa mkonge, na mkonge ulikatwa na manamba, yaani vibarua wa mkataba, Waha, Wabena na Wangoni, walioletwa mashambani kutoka mbali. Hata Kilwa Kisiwani, ambayo msafiri Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331 na kuusifu uzuri wake, ilitajirika kwa dhahabu iliyochimbwa bara, upande wa Zimbabwe ya leo, ikapitia Sofala. Mikindani, boma la Wajerumani la mwaka 1895 sasa ni hoteli. Ni zuri kweli. Lakini mji ule ulikuwapo kabla yake, ukipokea misafara kutoka upande wa Nyasa.

Mtu wa pwani anaweza kukasirika hapa, aone kwamba watu wa bara wanataka kumnyang'anya na jiko lake. Hapana. Karafuu, nazi, ustadi wa kupika wali ukachambuka, hayo ni yake na hatuna cha kudai. Na deni linakwenda pande zote mbili: mahindi tunayoyaita chakula chetu cha asili yalitoka Amerika, yakaingia nchini kupitia pwani hiyohiyo. Babu zetu Wairaqw walikula mtama na ulezi. Ugali mweupe wa Nambis nao ulishuka jahazini.

Kwa hiyo ninawaambia wenye hoteli: andikeni kwenye orodha ya vyakula vitunguu swaumu vimetoka wapi, na mwongozeni mgeni aanze hadithi ya Bagamoyo kutoka Tabora, kwa Wanyamwezi. Shule zetu za sekondari, zinazopeleka watoto Ngorongoro kuangalia tembo, ziwapeleke pia Bagamoyo na Pangani. Na wewe jirani, ukivuna vizuri mwaka huu, usisubiri msiba. Ondoka Mbulu alfajiri, lala Korogwe, kesho yake mchana uko Tanga unakula samaki. Wakikuuliza umetoka wapi, waambie umetoka kwenye vitunguu swaumu, na uwaulize wanavinunua kilo shilingi ngapi.