Twiga Ana Mkia, Mchongaji Hana Jina

Huenda sebuleni mwako, au kwa jirani, kuna twiga wa mti amesimama kando ya runinga. Hebu mgeuze umtazame chini ya kwato. Pengine utaona kibandiko cha bei, pengine nambari. Jina la aliyemchonga, ng'o!

Wakamba walichonga vigoda na miiko tangu jadi. Lakini vinyago vya kuuza vinahusishwa na mtu mmoja, Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza (1914-1918) alikuwa Tanganyika, na inasimuliwa kwamba huko ndiko alikoona ustadi wa Wamakonde. Aliporudi nyumbani akashika tezo. Akawafunza jamaa zake, nao wakawafunza majirani, hata kazi ikafika Gikomba hapa Nairobi, na Changamwe, Mombasa, ambako wachongaji waliunda chama cha ushirika mwaka wa 1963.

Ajabu ni kwamba tunamjua aliyeanzisha lakini hatuwajui waliofuata. Katika ushirika, nambari ya mwanachama yatosha: kinyago kikiuzwa, karani anajua amlipe nani. Ni hesabu safi, siilaumu. Ila mnunuzi akishapanda ndege, nambari haimwambii lolote. Kule Tanzania baadhi ya Wamakonde walibahatika. Samaki Likankoa hutajwa kwa jina kila wanapozungumzia vinyago vya mashetani vya miaka ya 1950, na George Lilanga, aliyefariki mwaka wa 2005, alipata sifa hadi Ulaya.

Sasa wewe mwanafunzi uliye likizoni na simu yenye kamera, mbona usitengeneze filamu ya dakika tano kuhusu mchongaji mmoja? Kwanza omba ruhusa kwa adabu, na ununue japo kijiko, maana saa moja ya kuzungumza nawe ni saa moja bila kazi.

Usianze na uso wake. Anza na gogo. Mti huchongwa ungali mbichi kwa sababu ndipo huwa laini, lakini ukikauka upesi hupasuka, na kazi ya siku nyingi huwa kuni. Shoka hutoa umbo, tezo hutoa shingo na miguu, kisu hutoa macho na masikio. Kisha huja tupa, msasa na mwishowe kiwi, ile ile ya viatu. Sikiliza milio inavyobadilika: shoka lina kishindo, tezo lina mdundo, msasa unanong'ona. Usiweke muziki juu yake, tafadhali! Filamu nyingi za mafundi huharibiwa na kinanda kisichoitwa.

Mwulize ni mti gani huo. Hapo ndipo penye kidonda. Muhugu, uliopendwa kwa ugumu na rangi yake, hukua polepole mno, nao umekatwa kwa kasi kuliko unavyoweza kumea. Tangu miaka ya 1990 wachongaji wamehimizwa watumie mwarobaini, mwembe na jakaranda, miti inayokua upesi. Ushauri mzuri, lakini anayeupokea ndiye anayebeba hasara: mwembe usipokaushwa sawasawa huingia wadudu, na mnunuzi aliyezoea uzito wa muhugu huanza kununa. Mwachie mchongaji alieleze hilo kwa maneno yake, bila kumkatiza.

Mwulize pia kama anamfunza mwanawe kazi hii. Akinyamaza, usizime kamera.

Na kabla hujaondoka, mwulize majina yake yote na namna yanavyoandikwa. Ukinunua kinyago, mwombe ajiandike chini yake kwa wino kabla ya kupaka kiwi. Kikishapakwa, wino haushiki. Itabidi achukue kisu achonge herufi moja moja, na huenda akakutoza zaidi. Mlipe.