Hofu ya chuo tuibebe wazazi

Binti yangu yuko darasa la nane hapa Quitunda, wilayani Palma, Msumbiji, na tayari hapati usingizi akiwaza kama Chuo Kikuu cha Lúrio, kule Pemba, kitamchukua. Anataka uhandisi, kwa kuwa mradi wa gesi wa Afungi uko mlangoni petu. Lakini mtihani wa kuingia chuo ni baada ya darasa la kumi na mbili, muda bado upo! Juzi nilifungua daftari lake: hesabu za sehemu kazipata zote, swali la maelezo kaliacha tupu. Kireno, lugha ya kufundishia, ndicho kilichomshinda, si hesabu. Wala si yeye peke yake: shambulio la waasi mjini Palma, Machi 2021, liliwakatiza watoto wengi masomo. Wazazi wenzangu, tudai walimu na vitabu vya Kireno sasa, wangali darasa la nane.