Wang'uru yalima mchele, lakini shibe iko wapi?

MSAFIRI anayetoka Makutano kwenda Embu hana haja ya kuuliza Wang'uru iko wapi. Kabla ya kuyaona maduka, huyaona mashamba ya mpunga yametandazwa kama mkeka wa kijani pande zote mbili za barabara. Kisha huviona vibanda vya pishori, magunia yameachwa wazi ili harufu ya mchele imvute mpita njia. Mji mzima huishi kwa mpunga, na mwenyeji asiyekula wali hutazamwa kama mvuvi asiyekula samaki.

Lakini katika mji huu huu kuna swali ambalo mababu wangalilicheka. Mtu ale nini ashibe, na asinenepe?

Si swali la wavivu. Huulizwa na karani anayeketi mezani kutwa nzima, mwalimu, mwendeshaji wa bodaboda ambaye miguu yake haitembei tena, na mama aliyetoka kliniki akiwa ameambiwa apunguze uzito kwa sababu ya sukari au shinikizo la damu. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba watu wazima 27 katika kila 100 nchini Kenya walikuwa na uzito uliopita kiasi. Mtu kama huyo hurudi nyumbani saa moja jioni akiwa amechoka. Angependa afungue friza, atoe chakula kilicho tayari, akitie katika maikrowevu dakika tano, ale, na asiamke usiku kutafuta mkate.

WENZETU WALIANZA VIPI

Maikrowevu yenyewe ilizaliwa kwa bahati. Mwaka 1945 fundi Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon, Marekani, alikuwa akifanya kazi karibu na mtambo wa rada alipogundua kwamba chokoleti iliyokuwa mfukoni mwake imeyeyuka. Muda si muda kukaundwa jiko linalotumia mawimbi kupasha chakula. Mwaka 1981 kukatokea Lean Cuisine, vyakula vilivyogandishwa ambavyo kila sahani ilitangazwa kuwa na chini ya kalori 300. Vilinunuliwa sana, kwa kuwa vilimpa mtu mambo mawili aliyoyataka: kupumzika na kupungua.

Lakini walaji wengi wa vyakula vya namna hiyo walikuta kasoro moja. Kalori hupunguzwa kwa njia rahisi kuliko zote, yaani kwa kupunguza chakula chenyewe. Sahani ni ndogo, na saa mbili baadaye tumbo huanza kulalamika. Aliyekula mlo wa kupunguza uzito hujikuta akila biskuti mbele ya televisheni. Je, amepungua nini?

Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, wakiongozwa na Susanna Holt, walilipima jambo hili. Walichukua vyakula 38 na kuwapa watu kwa kiasi chenye kalori 240 kila kimoja, kisha wakawauliza kwa muda wa saa mbili wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe ulipewa alama 100 uwe kipimo. Wali mweupe ulipata 138. Maharagwe ya mkebe yalipata 168. Samaki alipata 225. Kilichoshinda vyote kilikuwa viazi vya kuchemsha, ambavyo vilipata 323. Mkate wa Kifaransa uliojaa siagi uliambulia 47, ingawa kalori zake zilikuwa zile zile 240.

Fundisho lake ni wazi. Shibe haihesabiwi kwa kalori peke yake. Chakula chenye maji mengi, nyuzinyuzi na protini hulijaza tumbo na kukaa humo, ilhali shibe ya chenye mafuta na sukari nyingi hupita upesi kama mgeni asiyevua kofia.

MIZANI YA SAHANI

Sasa turudi Wang'uru, tuweke sahani mbili mezani. Gramu 100 za wali uliopikwa bila mafuta zina kalori zipatazo 130. Gramu 100 za maharagwe yaliyochemshwa nazo zina karibu kiasi hicho hicho. Basi tofauti iko wapi? Iko katika nyuzinyuzi, ambazo katika wali mweupe hazifiki hata gramu moja, na katika maharagwe hufika sita au saba. Iko pia katika protini, ambayo katika maharagwe ni mara tatu ya ile ya wali. Ongeza kabichi au sukuma wiki, ambazo kalori zake ni chache mno, na sahani itajaa bila kuongeza mzigo mwilini.

Hapa nisieleweke vibaya. Wali si sumu, na mkulima wa Mwea anastahili soko lake. Lakini sahani ya wali iliyorundikwa hadi ukingoni, yenye gramu 400, ni kalori zaidi ya 500 kabla hujaweka mchuzi. Na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kalori 120 hivi. Hiyo ndiyo hesabu tusiyopenda kuifanya.

Kwa hiyo chakula kinachotafutwa na watu wa friza, kile cha kushibisha bila kunenepesha, kimekuwa katika nyumba za Mlima Kenya tangu zamani. Ni githeri. Ni mukimo usiozamishwa katika mafuta. Ni viazi vya kuchemsha na mboga za majani. Tatizo ni kwamba wengi wetu tuliila githeri shuleni ikiwa na wadudu na bila kitunguu, tukaapa kutoirudia. Wali na chapati vilikuwa vya Krismasi, basi aliyepata kazi hutaka Krismasi kila siku. Mnamo Agosti 2017, mpiga kura mmoja alipigwa picha akila githeri kutoka mfuko wa plastiki akiwa kwenye foleni, na nchi nzima ikacheka. Ingefaa tujiulize tulikuwa tukicheka nini. Mtu yule alikuwa amebeba mlo kamili wa kumshikilia hadi jioni.

KUNI, SI ULIMI

Lakini aibu peke yake haitoshi kueleza kwa nini githeri imepungua mezani. Sababu kubwa zaidi imo katika historia ya Mwea yenyewe.

Skimu hii ilianzishwa katika miaka ya Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1954, na mifereji yake ya mwanzo ilichimbwa kwa mikono ya mahabusu. Baadaye familia zilizopewa mashamba, kwa kawaida ekari nne nne, zilikuwa wapangaji. Walielekezwa walime nini, wafungulie maji lini na mpunga waupeleke wapi, na tangu 1966 msimamizi wao alikuwa Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji. Ni katika mwaka 1998 na 1999 tu ambapo wakulima waliasi na kuanza kujiuzia mpunga wao.

Mwaka 1973 kilichapishwa kitabu kuhusu skimu hii, kilichohaririwa na Robert Chambers na Jon Moris. Ndani yake mna sura ya Jane Hanger na Moris kuhusu wanawake na uchumi wa nyumba. Sura hiyo haikuanzia kwenye magunia ya mpunga, bali jikoni. Ilionyesha kwamba wanawake wa vijiji vya skimu walisumbuka kupata kuni, na kwamba mahindi na maharagwe, chakula walichokijua kuwa ndicho chakula, havikupatikana kwa urahisi katika nchi ya mpunga. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaoshika maji ya mpunga haukuwa wa kuotesha maharagwe, na uwanda ule haukuwa na miti mingi. Mavuno yalionekana, lakini mzigo wa kulisha nyumba ulimlemea mama.

Ndipo tunapoona siri yenyewe. Wali huiva kwa dakika 20. Maharagwe makavu na mahindi huhitaji saa mbili, tatu au zaidi. Mwenye kuni chache atapika nini? Githeri haikuondoka mezani kwa sababu ulimi uliikataa. Iliondoka kwa sababu chungu chake kilihitaji moto mrefu, na mtu wa kuukoleza moto huo.

Mambo hayajabadilika sana. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti misituni mnamo Februari 2018, bei ya makaa ilipaa, na aliyeumia kwanza ni yule anayechemsha maharagwe. Mtungi wa gesi nao hauombwi saa tatu za bure. Daktari anapomwambia mgonjwa, "Punguza wali, kula maharagwe," maneno yake ni ya kweli, lakini hajamwambia nani atayachemsha.

MILO YA FRIZA TUNAYO TAYARI

Jibu lipo sokoni. Katika miji ya eneo hili, kuanzia Karatina hadi Kagio na Wang'uru, wako akina mama wanaochemsha githeri na maharagwe katika sufuria kubwa na kuyauza yakiwa tayari, kwa kikombe au kwa kilo. Moto wao mmoja huzihudumia nyumba nyingi. Wengi wetu huwaona kuwa wachuuzi wa chakula cha maskini. Ukweli ni kwamba wao ndio kiwanda chetu cha milo iliyo tayari, na bidhaa yao hushibisha kuliko nyingi zinazouzwa katika masanduku yenye picha nzuri.

Mwenye friza anaweza kununua ya wiki nzima, akaigawa katika vyombo vya mlo mmoja mmoja pamoja na supu yake kidogo, akaigandisha. Jioni ataipasha hadi itoke mvuke katikati, si pembeni tu, kisha aongeze karoti, kabichi na kitunguu. Asiye na friza anaweza kushirikiana na majirani, nyumba nne zikapokezana kuchemsha. Na mwenye kutafuta mbegu aulizie maharagwe ya Nyota, yaliyotolewa na shirika la utafiti wa kilimo KALRO mwaka 2017, ambayo yana madini mengi ya chuma na huiva upesi.

Lakini tahadhari. Maikrowevu hupasha, haichemshi maharagwe makavu. Maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu inayotapisha, kwa hiyo yalowekwe usiku kucha, maji hayo yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu kwa dakika zisizopungua kumi kabla ya kupunguza moto hadi yaive. Wali nao usiachwe mezani hadi asubuhi, kwa maana vijidudu vyake huzaana katika joto la chumba. Upoe upesi, uwekwe kwenye friji. Wali uliopoa hivyo hupata faida ndogo, kwa kuwa sehemu ya wanga wake hugeuka na kumeng'enywa polepole. Wapendao kiporo wamepata kisingizio, mradi sahani isizidi.

Wenye mikahawa wa Wang'uru nao wana wajibu. Si lazima waache kuuza wali. Wanaweza kuupakua nusu sahani, nusu nyingine ikawa maharagwe na mboga, bila kumfanya mteja aone ameibiwa. Serikali ya kaunti, ambayo hukusanya ushuru kwa wanawake wa githeri kila siku ya soko, ingewapa maji safi na mahali penye paa, kwa maana wanafanya kazi ya afya ya umma bila kulipwa kwayo.

Tumezoea kudhani kwamba kupunguza uzito ni kushinda njaa, na kwamba anayeshindwa hana nia. La hasha. Mtu mwenye njaa hatashindana na tumbo lake siku nyingi. Ashibe kwanza, lakini ashibe kwa chakula kinachofaa, na anayekichemsha apewe heshima na bei inayolingana na moto wake. Wang'uru, iliyokwisha jua uchungu wa kuvuna magunia huku jikoni hakuna kuni, ingeweza kuwa ya kwanza kulifahamu hilo.