Bustani ya Nyumbani: Mmea Uliohamishwa

Mwezi huu twataka kusema habari za okidi, hasa ile ya nchi zetu yenye maua ya manjano na madoadoa kama ngozi ya chui. Wataalamu huiita *Ansellia africana*, jina iliyopewa mwaka 1844. Hukaa juu ya miti, walakini hainyonyi mti. Huushika tu, na mizizi yake hunywa mvua na umande.

Yafaa iachwe mwituni. Lakini mti ukianguka, watu huiokota wakaipanda barazani. Baada ya siku chache majani hulegea, na mwenyewe kwa huruma huimwagia maji asubuhi na jioni, tena huitia samadi. Kisha hufa. Haikufa kwa kiu, bali kwa kushibishwa. Maana mzizi uliokatika ni kidonda, na maji mengi huuozesha.

Basi ifanyike hivi. Kwanza, kateni mizizi laini iliyooza kwa kisu kilichopitishwa motoni. Mizizi migumu iacheni. Pili, ipandeni katika chungu chenye matundu, pamoja na vipande vya makaa na magome, wala si udongo. Ifungeni kwa kamba isitikisike, kwa kuwa mzizi mchanga ukisuguliwa huvunjika. Tatu, iwekeni kivulini penye hewa. Juma la kwanza nyunyizieni majani tu asubuhi; halafu tieni maji kidogo, yakauke kabla ya kutia tena. Samadi ingoje.

Jani moja la zamani likigeuka manjano, msihofu. Wala msiivute kutazama kama imeshika. Ncha za kijani za mizizi mipya zikionekana, ndipo mwongeze maji, na chakula kidogo kidogo.

Wazazi na walimu, twaona jambo hili nyumbani mwetu pia. Yatima aletwapo kwetu, au mwanafunzi atokaye mbali, hunyamaza na kukonda. Nasi kwa upendo twamlemea kwa maonyo, maswali na kazi siku ile ile. Tumpe kwanza kivuli na mahali pasipotikisika. Mtunza shamba wa ule mfano wa mtini aliuombea mwaka mzima; je, sisi hatuwezi kumngojea mtoto miezi michache?