Tuanzie Kwenye Kifuniko, Si Ubaoni

Wakufunzi wenzangu, napenda kuleta mbele yenu jambo nililojifunza kwa hasara, nikitumaini kwamba hasara hiyo haitawapata wanachuo wenu.

Chuoni petu zilikuwako kompyuta mpakato sita zilizowekwa stoo kwa kosa la uzee. Ziliwaka, lakini mwanachuo aliweza kuandika ukurasa mzima wa andalio la somo kabla mashine haijawa tayari kumpokea. Kiini cha ugonjwa kilijulikana: diski ngumu ya zamani. Ndani yake mna sahani izungukayo, aghalabu mara 5,400 kwa dakika, na mkono unaohangaika huku na huko kutafuta habari. Diski ya SSD haina sahani wala mkono. Habari zake hukaa katika chipu. Kwa hiyo haingoji kitu kizunguke, wala haidhuriki upesi kwa mtikisiko.

Niliazimia kuwafundisha wanachuo kazi ya kubadilisha diski hiyo. Nikafanya kama nilivyofundishwa mimi: vipindi viwili ubaoni, michoro, istilahi, na maelezo ya kunakili daftarini. Wote walifaulu zoezi la maandishi. Kisha wakachanga fedha zao, wakanunua diski moja ya majaribio. Ilikuwa ya M.2, kadi nyembamba yenye upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Iliingia tunduni barabara, skrubu ikakazwa, mashine ikawashwa, haikuiona. Kadi ilikuwa ya NVMe, na tundu lile lilielewa SATA pekee. Duka halikukubali kuipokea tena, nami nikawarudishia fedha zao kutoka mfukoni mwangu. Kosa halikuwa lao. Mimi ndimi niliyewapa majibu kabla hawajaitazama mashine yenyewe.

Nadai, basi, kwamba mpango wa somo hili hauna budi kugeuzwa: kifuniko kwanza, ubao baadaye. Lakini lililo mbele ya yote ni nakala ya kazi zilizomo, kwani alama za wanafunzi za mwaka mzima hazirejeshwi kwa bisibisi. Nakala ikiwa tayari, mwanachuo azime mashine, achomoe waya wa umeme, aguse chuma ili kuondoa umeme tuli mwilini, afungue kifuniko, kisha achomoe kiungo cha betri. Sasa atazame. Je, mna nafasi ya diski ya inchi 2.5, au tundu la M.2? Ikiwa ni ya inchi 2.5, nafasi yakubali unene wa milimita 7 au 9.5? Ikiwa ni M.2, kitabu cha mashine chasema SATA au NVMe? Maswali hayo yakiisha kujibiwa, ndipo bei izungumzwe.

Wapo wasemao tununue diski yenye kasi kuliko zote. Hoja hiyo ni dhaifu. Diski ya SSD ya SATA huweza kufikia yapata megabaiti 550 kwa sekunde, hali diski ya zamani ya mpakato ni nadra kuzidi 150. Kwa mashine kuukuu, faida iliyo kubwa ni kuachana na ule mkono unaohangaika.

Mwenzetu mmoja aliniuliza: mwalimu wa shule ya msingi na skrubu, wapi na wapi? Namjibu kwamba mwalimu huyo huenda akapangiwa shule ambayo fundi yu mbali mwendo wa siku nzima. Tena, tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotolewa mwaka 1967 tumekuwa tukihubiri kwamba kazi na masomo ni kitu kimoja. Haifai tuhubiri hivyo huku tukiwafungia wanachuo mashine stoo.

Leo mashine tano kati ya zile sita zinafanya kazi. Ya sita imekaa wazi mezani bila kifuniko, na kila kundi jipya la wanachuo huanza somo kwa kuitazama kabla sijashika chaki.